Shuka Jeupe Kivukoni

Fundi alikuwa na miezi saba tu tangu aolewe katika nyumba ya kivukoni, na siku hiyo mama yake mzazi alikuwa anakuja kumtembelea kwa mara ya kwanza. Alikuja kwa shari. Ndoa ile hakuipenda tangu mwanzo. Aliona bintiye anakwenda kujizika bondeni na vyura, yeye na cherehani yake. "Nikikuta unaishi kama mkiwa," alimwambia kwenye simu, "tunarudi wote." Na mama huyo hakuwa mtu wa masihara.

Kwa hiyo Fundi alifua. Alifua mapazia, akafua foronya, akafua hata vitambaa vya meza ambavyo havikuwa na kosa lolote. Kamba ya uani ikajaa. Shuka kubwa jeupe la kitanda cha mgeni akalianika mbele ya nyumba, kwenye waya uliokuwa mtupu siku zote, akajipongeza kwa kupata penye jua.

Mama mkwe aliporudi kutoka shambani, alisimama njiani na jembe lake begani.

"Mwanangu," alisema, "umefunga barabara."

Pale kivukoni barabara ilishuka hadi karibu sawa na mto. Bahari ikijaa bamvua, maji yalipanda bonde na kuifunika. Nyumba hiyo ndiyo iliyotundika shuka jeupe kwenye waya, ili dereva aliyeko kilimani alione na kugeuza mapema. Bondeni hata mtoto wa miaka minne alilijua hilo, na ndiyo sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia bibi harusi.

Walilianua mbio mbio, lakini walishachelewa. Honi ilisikika kilimani mara mbili, kisha mngurumo ukapotelea upande wa pili. Dereva wa basi dogo lililomleta mama, waliyemwita Breki, hakuwa na tabia ya kubishana na shuka. Sasa angezunguka hadi daraja la juu na kuteremka kijiji kwa kijiji, saa tatu nzima za mawe na vumbi.

Fundi aliketi kizingitini akalia. "Mama ameshapata sababu. Hata kushuka garini hatashuka."

"Atashuka," mama mkwe alisema, akimenya vitunguu. "Saa tatu za mashimo? Atashuka akiulizia choo."

Na kweli, ndicho alichokiulizia kwanza. Basi lilifika saa tisa alasiri, mama akateremka na vumbi mpaka kwenye kope, kuku hai kwapani na kichane cha ndizi mkononi. Fundi alimpokea akianza kuomba radhi, lakini mama alipita moja kwa moja. Aliporudi, akaketi mkekani.

"Yule mwenye jino moja anayeuza mafuta ya taa ni nani?"

"Mteja wangu, mama."

"Kuku katoa yeye. Gari limesimama vijiji sita, na kila likisimama yule dereva anatangaza, 'Nimembeba mama yake Fundi.' Basi watu wanajaa dirishani. Huyu ananionyesha zipu uliyomtengenezea. Mwalimu ananiambia siku hizi hakuna mtoto anayekuja darasani na suruali iliyotoboka. Bibi mmoja kanishika mkono hataki kuuachia, eti ulimshonea gauni la msiba ukampelekea mwenyewe kwa miguu. Kweli?"

"Alikuwa hawezi kutembea," Fundi alisema, akiona aibu.

Mama mkwe alikuwa ameacha kumenya viazi, kisu mkononi, maana alimpenda msichana huyu na hakuwahi kumwambia.

"Nilikuja kukuchukua," mama alisema, akivua viatu. "Sasa ruhusa nitaiomba kwa nani, mwanangu? Wenyewe ni wengi mno."