Unga wa Maganda ya Mayai na Mikono ya Shangazi Obdulia

Natangaza rasmi, kwa wakazi wote wa Torreón na vitongoji vyake, kwamba katika likizo hii ya Julai na Agosti mikono ya shangazi yangu iliokolewa na elimu ya juu, ujasiri usio na kifani, na mimi. Tangazo hili nililisoma kwa mara ya kwanza jikoni, nikiwa nimesimama juu ya kreti ya soda. Msikilizaji alikuwa paka, naye aliondoka kabla sijafika kwenye jina langu.

Jina langu ni Nerea. Nina miaka kumi na mitano, nasoma bweni kwa masista, na katika kemia nilipata tisa na nusu kati ya kumi. Ile nusu Sista Escolástica aliikata kwa sababu ya moshi.

Shangazi Obdulia ndiye mpika gordita, vile vimkate vinene vya mahindi, wa mtaa wetu. Mia mbili kila asubuhi, na kila moja anaipiga kwa viganja mpaka iwe duara kama mwezi. Novemba iliyopita alikuwa na kilo mia thelathini na moja. Daktari akamfanyia upasuaji wa kupunguza mwili, akamwachia tumbo lenye ukubwa wa yai, akaliunganisha na utumbo kwa njia ya mkato. Nilipofika likizo nilimkuta ana kilo themanini na nne, na Bibi alikuwa amegeuza magauni yake ya zamani kuwa mapazia ya nyumba nzima.

Kila mtu alifurahi isipokuwa vidole vyake. Vilianza kufa ganzi, kisha kukakamaa. Wiki yangu ya kwanza nyumbani, mkono wake wa kulia ulijikunja kama mguu wa kuku na donge la unga likabaki humo ndani. Wateja kumi na wawili walisubiri.

"Mkono umekwama," alisema Shangazi, akijaribu kucheka.

Tulikwenda kwa Bi. Arreola, mtaalamu wa lishe. Aliangalia karatasi ya vipimo, akavua miwani.

"Obdulia, kalsiamu yako iko chini. Unakunywa nini?"

"Nakunywa vile vidonge vya duka la dawa, vya bei nafuu."

"Hivyo ni kaboneti. Vinahitaji asidi nyingi ya tumbo, na wewe asidi tumekuachia tone. Vinaingia na kutoka kama wageni waliokosa kiti."

"Vinatoka kwa shida," alisema Shangazi kwa huzuni. "Siku nne nne."

"Na zile peremende za kalsiamu?"

"Hizo nazipenda."

"Ndiyo maana unazipenda, ni sukari. Sasa sikiliza. Unahitaji kalsiamu ya sitreti. Hiyo haisubiri asidi. Vidonge viwili, mara tatu kwa siku, usivimeze vyote kwa mpigo kwa sababu mwili hauvipokei, na uviweke mbali na vidonge vya madini ya chuma kwa saa mbili. Hakikisha kopo limeandikwa vitamini D. Mwisho wa Agosti tunapima tena. Kama haijapanda utalazwa, tukupe kwa mshipa, na kupiga gordita usahau mpaka nitakapokuambia."

Shangazi alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwazima.

Alinunua makopo sita siku hiyohiyo, kwa kuwa la sita lilikuwa bure. Akameza kidonge cha kwanza. Kilikuwa kirefu kama kokwa la tende, kikamkwama kooni, akakohoa mpaka mapazia yakacheza. Makopo yote sita yakaingia kwenye droo ya chini, na droo ikafungwa.

Hapo ndipo Bibi alipochukua madaraka. Bibi Chona ni mama yake Shangazi na serikali ya nyumba yetu. Kwa miaka hamsini amehifadhi maganda ya mayai, anayapaka rangi na kuyajaza vipande vya karatasi ili tupasuliane vichwani siku za sherehe. Mwaka huu aliyachemsha, akayakausha juani, akayasaga kwenye jiwe la kusagia mahindi mpaka yakawa unga mweupe, akaujaza kwenye chupa ya kahawa.

"Kijiko kidogo mara tatu," alisema. "Mama yangu alikufa na miaka tisini na sita, na meno yake yote."

"Lakini Bibi," nilisema, "maganda ya mayai ni kaboneti. Ni kilekile Bi. Arreola alichokataza."

"Nani aliyesema?"

"Kemia."

"Kemia ndiyo iliyokuambia utie chumvi kwenye kahawa ya Padre siku ya Pasaka?"

Hilo ndilo tatizo la kuwa mtu wa utani: siku unaposema kweli, huna shahidi.

Nilimwendea Shangazi. Alikuwa akikandakanda vidole vyake kwenye bakuli la maji ya moto.

"Shangazi, meza vile vya Bi. Arreola."

"Nikifa nimekabwa, nani atauza?"

"Basi mwambie Bibi huutaki unga wake."

"Mwambie wewe," alisema. "Nitakuja mazishini."

Usidhani nilikurupuka. Kwanza nilisoma karatasi ya Bi. Arreola mpaka chini, jambo ambalo hakuna mwingine nyumbani aliyelifanya, na mstari wa mwisho ulisema: ukishindwa kumeza, saga. Halafu, Bibi alipokwenda misa ya asubuhi, nilifungua droo ya chini. Vidonge viwili vilivyosagwa vilijaa kijiko kidogo sawasawa. Nilimwaga maganda ya mayai kwenye mawaridi, nikaosha chupa, nikaijaza unga wangu. Kila Jumapili niliongeza. Kwa kuwa Shangazi anakunywa vidonge vya chuma usiku, nilihakikisha kijiko cha tatu kinaliwa saa kumi na moja jioni. Niliwaambia nataka kushuhudia nguvu ya mayai kabla sijaenda kuosha vyombo.

"Mama, unga huu una uchachu kidogo," Shangazi alisema wiki ya kwanza.

"Mayai ya kisasa," alijibu Bibi.

Kufikia Agosti ganzi ilikuwa imepungua. Kisha mkono ukaacha kujikunja. Tulipokwenda kupima, kalsiamu ilikuwa pale inapotakiwa, na Bi. Arreola akampigia Shangazi makofi.

"Unaona thamani ya kufuata maelekezo?"

"Nilifuata," alisema Shangazi, akimtazama Bibi. Bibi alitabasamu kama mtakatifu aliyechongwa.

Nilijua nimeshinda. Nilifikiri mambo yataishia hapo, nirudi bweni na siri yangu kama majambazi wakubwa wanavyostaafu. Nilisahau nadhiri. Bibi alikuwa amemwahidi Mtakatifu Yuda Tadei kwamba binti yake akipona atatoa reliquia, karamu ya nadhiri, na reliquia haina mchezo: nyama ya nguruwe ya pilipili nyekundu, aina saba za tambi, na jirani yeyote mwenye sufuria apange foleni mlangoni. Siku yake ni Oktoba, lakini Bibi alisema mtakatifu akilipa mapema, nawe unalipa mapema.

Basi Jumamosi iliyopita watu sitini walisimama na sufuria zao. Shangazi alikuwa akipakua kwa mikono yake miwili. Pembeni ya masufuria Bibi alikuwa ameweka meza ndogo, na juu yake vifuko arobaini vya unga wa maganda, mpya, aliousaga mwenyewe wiki nzima.

"Kila mwenye mifupa achukue," alitangaza. "Huu ndio uliomponya Obdulia."

Niliweka sahani yangu ya nyama chini.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Bwana Eleuterio, fundi wa matairi, aliyefanyiwa upasuaji uleule wiki tatu zilizopita. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba.

"Bi Chona, nipe viwili," alisema. "Mimi nina makopo ya sitreti, shemeji yangu anayataka kwa ajili ya goti lake. Nitampa."

"Mpe," alisema Bibi.

"Lakini nitajuaje kuwa huu si unga wa mahindi?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Alimwaga chembe chache kwenye kisahani, akachukua ndimu iliyokatwa kwa ajili ya nyama, akakamua. Unga ukatoa povu, ukafoka na kuchemka kwa sauti ndogo.

"Uko hai," alisema Bibi.

"Uko hai kweli," alikiri Bwana Eleuterio.

"Na huo bado ni mpya. Ngoja uone wenyewe, ule wa Obdulia." Akaingia ndani na kutoka na chupa ya kahawa. Akamwaga kwenye kisahani cha pili, akakamua ndimu ileile.

Hakuna kilichotokea. Unga ulilowa, ukakaa.

Akakamua tena. Foleni ilisogea karibu kutazama.

"Umelala," alisema Bwana Eleuterio.

"Labda ndimu imekwisha," nilisema mimi.

Bibi aliikamua ndimu hiyo juu ya kisahani cha kwanza. Povu likapanda. Akaiweka chini polepole, akachovya kidole kwenye kisahani cha pili, akaonja. Kisha akageuka, na hakumtazama mtu mwingine yeyote kati ya wote sitini.

"Nerea."

"Bibi."

"Hii ni nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, mmoja ukiwa mzuri sana, wenye sungura. Lakini Bwana Eleuterio alikuwa ameshatia vifuko viwili mfukoni, na mikono yake pia ndiyo inayomlisha.

"Ni vile vidonge vya droo ya chini," nilisema. "Nimevisaga tangu wiki ya pili ya Julai. Maganda yako niliyamwaga kwenye mawaridi, Bibi, yote. Bwana Eleuterio, usimpe shemeji makopo. Unaona hilo povu? Ndimu imefanya kazi ambayo tumbo lako haliwezi tena. Shangazi hajala ganda hata moja. Ni mimi, peke yangu, na paka hahusiki."

Kijiko cha Shangazi kilikuwa kimesimama hewani, tambi zikining'inia.

"Panda kwenye kreti," alisema Bibi, akianza kukusanya vifuko vyake, "useme tena, wa nyuma hawakusikia."

Nikapanda, nikasema tena.