Kunguru wa Majani

Kunguru walikuwapo, tena wengi. Walijaa juu ya paa la hekalu na kwenye nyaya za umeme, wakilitazama donge la wali lililowekwa juu ya jani ukingoni mwa mto Krishna, na hakuna hata mmoja aliyeshuka. Ilikuwa siku ya kumi tangu Indumati afariki. Siku hiyo kunguru akidonoa, marehemu ameondoka na moyo mweupe. Asipodonoa, kuna jambo limemkwama rohoni, na walio hai hawana budi kulitaja na kuliahidi kwa sauti mpaka aridhike.

Binti yake Vasudha alisimama peke yake, ngazi sita juu ya wenzake, viatu mkononi. Kaka yake Shridhar ndiye aliyempigia simu kwa siri kumwambia saa ya ibada. Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili tangu aolewe na Milind, mwalimu mwenzake, mtu mpole asiye na kasoro ila jina la ukoo. Jina lile, mtu yeyote wa mji wa Wai akilisikia, anajua kwamba mababu zake walichuna ngozi za ng'ombe waliokufa, kazi ya tabaka lisiloguswa. Baba yake, mzee Trimbak, alipolisikia alifunga mlango, na haukufunguka tena. Mama alimpigia simu kila Alhamisi, mzee akiwa hekaluni, na kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: "Siku moja utakunywa chai jikoni kwangu, mwanangu."

"Haya, ahidini," alisema kuhani, akijifuta jasho.

Shridhar aliunganisha viganja. "Mama, majivu yako nitayapeleka mwenyewe Kashi, mji mtakatifu."

Hakuna kunguru aliyeshuka.

"Mama, bangili zako atazivaa mjukuu wako," alisema mke wa Shridhar. "Siziuzi, wala sizibadilishi."

Kunguru mmoja alijikuna ubavu, basi.

"Labda anawaza mitungi yake ya achari," alisema Shangazi Tara, dada wa mzee, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata mlango. Wachache walicheka, wakajutia. Kisha akamgeukia ndugu yake. "Kaka, tusifichane. Anachokitaka wifi yangu tunakijua sote. Kimesimama pale juu kimeshika viatu."

"Nyamaza, Tara."

"Mimi nitanyamaza. Yule je, aliyegoma kula? Sema tu, 'binti aje nyumbani.' Maneno matatu, kaka! Umefundisha watoto maelfu ya maneno."

Mzee Trimbak aliyatazama maji. Vasudha aliiona midomo yake ikicheza, na moyo ukamwenda mbio kama wa mtoto anayesubiri kuitwa jina. Hakutaka urithi wala kuombwa radhi. Alitaka kuingia jikoni kwa mama yake mara moja tu, kabla harufu yake haijatoka ukutani.

"Kuhani," mzee alisema mwishowe, "tengeneza kunguru wa majani."

"Bado mapema, mzee. Watu husubiri mpaka alasiri."

"Mimi nina sukari, siwezi kukaa juani. Sheria inaruhusu. Tengeneza."

Inaruhusu, kweli. Kuhani alisokota majani makavu matakatifu, akayafunga yakapata kitu kama mdomo na kitu kama mkia, akaligusa nayo lile donge. Ibada ikaisha. Miaka arobaini na tisa mwanamke yule alimpikia, akamfulia, akamvumilia, naye mzee aliposhindwa kumpa maneno matatu alimpa nyasi.

Watu walipanda ngazi. Mzee alimpita bintiye bila kumtazama, na ukingo wa mwavuli wake ukamgusa bega.

Vasudha akashuka. Donge lilikuwa zima, na kunguru walikuwa bado wamekaa. Alipokuwa mdogo, baba yake huyo huyo alimfundisha kwamba ahadi kwa marehemu haivunjwi, kwani ukiivunja unamrudisha njiani na kiu yake. Sasa alifikiri: Mama hakuzuiwa na ubishi wa Baba, ubishi huo alikwisha kuuzoea. Amezuiwa na kungoja. Akaunganisha viganja.

"Mama, usiningoje tena. Nyumba ile sitaingia maisha yangu yote, na ile chai siitaki. Naahidi. Kula, uende zako."

Kunguru akashuka. Alitua kando ya jani, akainamisha kichwa, akadonoa. Akashuka wa pili, na wa tatu.

"Amekula!" Shridhar alipiga kelele kutoka juu. "Baba, tazama, Mama amekula!"

Mzee aligeuka. Alimwachia Shridhar mwavuli, akateremka ngazi moja moja, hata akafika alipo Vasudha. Alimtazama kunguru, hakumtazama yeye.

"Mawe yana moto," alisema. "Vaa viatu."

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake baada ya miaka kumi na miwili.

Vasudha akavaa. Mzee akamngoja amalize. "Twende nyumbani. Shangazi yako atatupikia chai."

Machozi yalimtoka Vasudha, na hakuyafuta. "Nimeshamwahidi, Baba."

"Umemwahidi nini?"

Akamwambia.

Mzee Trimbak alifungua kinywa. Alizijua sheria zote, na karibu kila moja aliijua na mlango wake wa nyuma. Alisimama akiutafuta huo mlango, macho yakihama kutoka kwa kunguru wale hadi kwa yule wa majani aliyeachwa kwenye jiwe, na kinywa kikajifunga chenyewe.

Juu, Shridhar aliwaona wamesimama karibu, akamwambia mkewe kwa furaha kwamba wanapatana.