Leseni ya Mwanakheri

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza leseni, na kama kuna mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa ukali kunishinda katika Unguja nzima, basi sijamwona. Ilikuwa mwaka 2004. Kampuni yetu, pale Shangani, iliwatafutia wageni vyumba katika nyumba za Matemwe na Chwaka, na vyumba vyote tulivigawa ndani ya programu moja ya kompyuta. Programu yenyewe haikuwa yetu. Tuliikodi mwaka hadi mwaka kwa watu wa Dubai, na malipo yalikwenda kwa hesabu ya majina. Watu sita, majina sita, leseni sita, na kila jina na neno lake la siri.

Siku ya kwanza tu niliwaweka wenzangu kitako. "Neno la siri ni mswaki," niliwaambia, "haliazimwi. Na jina halitoki nje ya afisi hii. Nitakayemkuta anaingilia kwengine, namfuta." Hilo la pili sikulisoma popote. Mkataba ulikuwa kurasa kumi na nne za Kiingereza. Nilisoma tatu, zilizobaki nikazijaza kwa akili zangu.

Mwanakheri ndiye aliyekuwa akigawa vyumba. Mwezi wa tatu alifiwa na mumewe, Msabah, fundi wa simu, akaingia eda: miezi minne na siku kumi asitoke nyumbani kwake Jang'ombe. Kazi yake tukagawana mimi na Haroub, na tukaivuruga kwa pamoja. Haroub aliweka familia mbili chumba kimoja. Mimi nilimpeleka mgeni Chwaka na mabegi yake Matemwe.

Kisha yakaanza mambo. Jioni tunaondoka tumechafua, asubuhi tunakuta kila mgeni ana chumba chake. Mimi nikadhani ni Haroub, Haroub akadhani ni mimi, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa akipata sifa za bure, hakuna aliyeuliza. Siku tuliyoulizana, kila mmoja akaapa si yeye.

"Afisi hii ina wenyewe, Bi Asila," alisema Haroub kwa sauti ya chini. "Mie nshasema zamani."

Kesho yake alikuja na chetezo, akafukiza ubani chini ya meza ya kompyuta mpaka wageni wa Kijerumani wakapiga chafya. Nilimcheka sana. Lakini tangu siku hiyo sikukaa tena afisini peke yangu jioni.

Mwezi wa saba ukafika wakati wa kulipia mwaka mpya. Tajiri yetu, Bwana Zahran, aliniita chumbani kwake. "Mwaka huu tunalipia majina matano. Jina lisilofanya kazi likatwe. Mwanakheri miezi yote hii hajafika."

"Na akimaliza eda?"

"Hana jina, atafanya kazi gani? Atatafuta pengine. Fomu iende Alhamisi."

Mwanakheri alikuwa na watoto wawili na sasa hana mume. Nililijua hilo vizuri sana. Na mimi, na ukali wangu wote ule, nikasema, "Sawa, Bwana." Nikaijaza fomu.

Alhamisi nilikwenda afisini mara baada ya sala ya alfajiri, maana saa hizo mtandao ulikuwa mwepesi. Kabla ya kuipeleka fomu nikafungua orodha ya vyumba. Chumba cha tatu cha Chwaka kilikuwa na maharusi jozi mbili, kazi ya Haroub ya jana yake. Nikabonyeza ukurasa ujifungue upya. Jozi moja imehamia Matemwe. Nikabonyeza tena. Pembeni ya jina la mgeni mwengine yametokea maneno ambayo dakika iliyopita hayakuwapo: *Bibi huyu anaumwa magoti, apewe chumba cha chini.*

Nikasoma Ayatul Kursi mpaka mwisho, nikabonyeza tena, na mgeni mwengine akahama.

Hapo ndipo nilipokumbuka ukurasa wa leseni, ambao mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuufungua na ambao, mtunzaji hodari, sikuufungua tangu mwaka uanze. Ulionyesha kila jina limeingia siku ngapi katika siku tisini zilizopita. Asila, sitini na sita. Haroub, sitini na nane. Mwanakheri, tisini. Na mbele ya jina lake imeandikwa: *yumo sasa*.

Sikungoja chai. Nilikwenda Jang'ombe kwa miguu, mbiombio.

Alinifungulia mwenyewe, uso mtupu bila wanja, nguo isiyo na harufu ya chochote. Nyuma yake, juu ya cherehani, ilikuwapo kompyuta aliyoiunga Msabah kwa vipande vya makompyuta mabovu, na waya wa simu, uliomletea mtandao, umepita dirishani.

"Shikamoo, Bi Asila." Akaanza kulia pale pale. "Nsamehe. Nnajua nnaiba. Ulisema jina halitoki afisini. Kila siku nnasema leo ndiyo mwisho, kisha nikifungua nnakuta mmempa mtu mzima kitanda cha mtoto. Nnashindwa kuwaacha."

"Na eda, mwanangu?"

"Eda imenikataza kutoka. Haikunambia niwaache wageni wakose pa kulala."

Utotoni nilisimuliwa habari za mawalii wanaoonekana pahala pawili kwa wakati mmoja, na nilikuwa mbishi, sikusadiki. Asubuhi ile nilisimama katika chumba chake nikiutazama ule waya, na machozi yalinitoka kwa kustaajabu. Mwanamke hajavuka kizingiti chake tangu mwezi wa tatu, na kila siku amewalaza watu Chwaka na Matemwe.

Niliporudi afisini nilisoma mkataba wote. Ukurasa wa tisa ulisema leseni ni ya mtu, popote alipo. Kanuni niliyomtisha nayo ilikuwa ya kwangu.

Nikauchapisha ukurasa wa leseni, nikauweka mbele ya Bwana Zahran pamoja na fomu mpya, tupu.

"Ulisema jina lisilofanya kazi likatwe," nilimwambia.

Akavaa miwani. Kidole chake kilishuka na majina, kikafika kwenye tisini, kikaganda. "Subhana Llah," alisema taratibu. "Na yuko eda?"

"Yuko eda."

Kisha kidole kikaendelea mpaka jina la mwisho, lenye sifuri. Akaitazama kompyuta yake mwenyewe, iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi tangu siku iliponunuliwa. Akaivuta fomu na, kwenye nafasi ya jina la kukatwa, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Zahran.