Sebule Ilipojaa

Alhamisi ile watu walizidi viti, wakazidi benchi, mpaka wengine wakakalia magunia ya mahindi kwenye veranda ya Kipyego. Collins, fundi wa pikipiki aliyekuwa akitoka Eldoret mjini kuja kijijini Ziwa kulitia moyo kanisa lao la nyumbani, alichungulia akacheka.

"Wazee, hii sasa ni harambee! Sebule ikijaa, gawanyeni. Muwe makanisa mawili."

"Hata nyuki wakijaa mzingani, nusu huhama," akasema Kipyego.

"Na wanaobaki hubaki na asali," Wanjohi akamjibu. "Ndiyo maana unapenda hayo maneno."

Watu wakaangua kicheko. Wanjohi alikuwa na duka la misumari na dawa za mifugo pale senta. Kipyego alifuga ng'ombe wa maziwa. Hakuna kati yao aliyekuwa mchungaji. Kanisa lao halikuwa na kengele wala mimbari, lilikuwa na desturi tu: mmoja husoma kisa katika Biblia, kila mtu hukisimulia kwa maneno yake, kisha kila mtu husema atafanya nini wiki hiyo kwa ajili ya alichosikia. Basi. Ukienda nyumbani, unafanya.

Na ndivyo lilivyoanza. Baada ya vita vya uchaguzi, Wakikuyu na Wakalenjin walipochomeana mali, Wanjohi, Mkikuyu, alirudi akajenga duka juu ya majivu ya duka lake. Majirani Wakalenjin walinunua, wakalipa, wakaenda zao. Yeye naye hakumkaribisha mtu. Siku moja Kipyego, mmoja wa Wakalenjin hao, akaja, akanunua chumvi ya ng'ombe, asiondoke.

"Nimesoma kisa cha mtu mwenye kupeleka sadaka," alisema, macho chini. "Ameambiwa aiache hapo, aende kwanza apatane na ndugu yake. Sasa nimekuja. Sijui mtu husema nini akifika."

Wanjohi pia hakujua. Alimpa kiti.

Tangu hapo wakawa wakisoma pamoja. Wake zao wakaingia, Waiyego wa Wanjohi na Jeruto wa Kipyego, kisha majirani wa pande zote mbili. Walitumia Kiswahili, nacho chenyewe kilikuwa cha kuchechemea. Kipyego angesema, "Yesu iliingia kwa mashua," na Waiyego, zamu yake ikifika, angesema mashua "irizama kidogo," wakachekana hadi machozi. Lakini kwa kuwa kila mtu alikuwa akitafuta neno, kila mtu alimngoja mwenzake alipate. Wanjohi hakuwahi kungojwa namna ile mahali pengine popote.

Basi ilipofika kugawanyika, ni yeye aliyesema, "Tusimlazimishe mtu. Kanisa moja libaki hapa, lingine lije kwangu. Kila mtu achague."

Lilionekana neno la hekima. Watu wakainuka, wakachukua makoti polepole, hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni. Irungu, jirani Mkikuyu, akaenda upande wa mlango, tayari kwenda kwa Wanjohi. Warigia, Mkikuyu mwenzake, akamfuata, na Wakikuyu wote; Wakalenjin wakabaki. Ikawa kama mahindi na maharagwe ya githeri yamechambuliwa, kila moja likarudi katika debe lake. Hakuna aliyegombana. Collins aliomba, akashukuru kwa kuongezeka kwa kanisa, akapanda pikipiki akarudi mjini na furaha yake.

Haikuchukua muda. Kwa Wanjohi, Irungu alianza kusimulia kwa Kikuyu, wengine wakadakia, maneno yakatiririka kama maji ya mfereji.

"Si ni tamu?" Waiyego alisema.

"Na tuko wenyewe," akasema Irungu. "Mtu anaweza kuongea juu ya hao watu bila kuangalia mlango."

Wakacheka. Wanjohi hakucheka. Uchaguzi ungekuja tena. Uchaguzi huja tu, kama kiangazi. Na kila kanisa la nyumbani huzaa lingine linalofanana nalo. Alhamisi iliyofuata aliwaachia Biblia, akavaa koti.

"Baba Ciku, unaenda wapi na hii baridi?" Waiyego akamuuliza.

"Kwa Kipyego. Nataka tuchanganywe tena, kila nyumba nusu wao, nusu sisi."

"Collins atasema tumerudi nyuma."

"Collins hakuchomewa duka."

Alipofika karibu na dirisha la Kipyego, alisikia sauti asiyoijua. Alichungulia. Alikuwa ni Kogo, mama mzazi wa Kipyego. Miaka hiyo yote alikaa pembeni na blanketi lake, na zamu yake ikifika alitikisa kichwa, wakamruka. Walidhani mzee wa watu amefuata chai. Sasa alikuwa amesimama, akisimulia kwa Kikalenjin, lugha pekee aliyoijua, mikono hewani. Wanjohi aliokota jina la Petro peke yake. Kisha Kogo akawika kama jogoo, jogoo kabisa, na nyumba nzima ikacheka. Halafu sauti yake ikashuka, ikashuka, mpaka Jeruto akafunika uso kwa leso.

Mbwa akabweka. Mlango ukafunguliwa.

"Baba Ciku! Karibu, karibu ndani!" Jeruto alifuta kiti kizuri kwa pindo la leso.

"Jameni, tuongee Kiswahili," Kipyego alisema kwa furaha. "Leo tuko na mgeni."

Mgeni. Kogo alimtabasamia Wanjohi, akaketi, akajifunika blanketi, akanyamaza.

"Kuna neno umetuletea, rafiki yangu?"

Lilikuwepo, tena amelipanga njia nzima. Wanjohi alimtazama yule mama.

"Hapana. Nilipita tu kuwasalimia. Kogo aendelee."

Kipyego akamtafsiria. Kogo akatikisa kichwa, akasema kitu, watu wakacheka kwa upole.

"Anasema anaona aibu mbele ya mwenye duka. Kunywa chai kwanza."

Wanjohi aliinywa ikiwa moto vile vile, ikamchoma ulimi, ili aondoke upesi. Kipyego alimsindikiza hadi getini.

"Baba Ciku, wewe ulikuwa na neno."

"Lilikuwa dogo."

"Hata dogo ungeniambia."

"Rudi ndani, bwana. Wanakungoja."

Wakashikana mikono, kama watu wanaotoka mazishini. Kabla hajafika barabarani, Wanjohi alisikia sauti ya Kogo ikipanda tena. Alisimama kando ya ua, asielewe hata neno moja, akasikiliza huku machozi yakimtoka, mpaka yule mama alipomaliza. Kisha akaenda zake.