Konzi ya Mungu

Mwaka ule mianzi ilipochanua, kila mtu pale mlimani alijua kitakachofuata. Panya wangekula mbegu za mianzi, wangenenepa na kuzaana, na mbegu zikiisha wangeteremkia mpunga. Wazee walikuwa wameonya tangu maua ya kwanza. Lakini kujua kuwa mvua itanyesha hakumzuii mtu kuloa. Kulikucha siku moja, mashamba ya kijiji kizima yamebaki mabua.

Biakliani hakumwuliza Mungu kwa nini. Alikuwa mwanamke wa haya, na hata kwenye sala aliona si adabu kuuliza maswali. Yeye alikuwa na mkebe wake tu. Ulikaa kando ya meko, na tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kubandika chungu cha wali bila kwanza kuchota konzi moja ya mchele na kuitia humo. Ndivyo walivyofanya wanawake wote wa kanisa lao: kila chungu, konzi moja ya Mungu. Kila Jumamosi mmoja wao alipita nyumba kwa nyumba na kikapu mgongoni, akakusanya.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na mkebe ulikuwa mtupu. Mchele ulikuwa umekwisha. Mumewe, Hrangkima, alikuwa ameteremka bondeni pamoja na wanaume wengine kuutafuta, na hata salamu zilikuwa hazijafika. Nyumbani walikula magimbi ya mwituni, yale ambayo usipoyachemsha na majivu yanakuwasha koo mpaka ukajuta kuzaliwa na ulimi.

Hata hivyo, uani kinu kililia. Twa! Twa! Twa!

"Mama, unatwanga nini?" Biakliani alimwuliza mama mkwe wake, Bi Rothangi.

"Makapi."

"Yaleyale ya jana?"

"Ya jana na ya juzi. Makapi hayana kinyongo, mwanangu. Ukiyatwanga tena hayalalamiki."

"Lakini mama, huo si uongo?"

"Mimi nimefungua mdomo? Kinu ndicho kinachosema. Kama ni dhambi, Jumapili kikatubu chenyewe."

Biakliani aliinamisha uso asionekane akicheka. Alijua sababu ya kelele ile. Kwao, kuonyesha njaa yako ni kumtwika jirani mzigo. Mtu mwenye utu alikula njaa yake kimya kimya, kisha akajifuta mdomo kama aliyeshiba.

"Hebu sikiliza kwa Thangzovi," Bi Rothangi alisema, akiegemea mchi. Kutoka ng'ambo ya njia kinu cha jirani nacho kilikuwa kinadunda, tena kwa nguvu zaidi. "Wale wamejaaliwa. Sisi tukinyamaza watajua tumeishiwa. Watatuletea chao, halafu wao wajinyime. Unataka hivyo?"

Hakutaka. Lakini kesho ilikuwa Jumamosi, na hilo ndilo lililomkaa moyoni kama mwiba wa samaki. Angeweza kujifungia ndani na kusingizia homa. Angeweza kusema amesahau. Lakini kuuacha mkebe mtupu, kwake, kulikuwa kama kumwambia Mungu: umetusahau, nasi tumekusahau, tumelipana. Na baada ya kusema hivyo, jioni angepiga magoti kwa uso gani kumwombea Hrangkima?

Alimenya magimbi, akayakata, akasimama kidogo. Kisha akachukua konzi moja ya vipande akavitia kwenye mkebe. Havikulia kama mchele. Vilisema pwa, kama chura aliyekaa vibaya.

Bi Rothangi alikuwa mlangoni.

"Unampa Mungu magimbi?"

"Ndicho tunachokula, mama."

"Basi yachovye majivu kwanza. Mungu akiwashwa koo hatatusikia. Tutamwomba, Yeye anakohoa tu."

Biakliani alicheka, halafu kicheko kikageuka, akawa anafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nisipotoa kitu, mama, nitasalije?"

Bi Rothangi aliingia, akachungulia ndani ya mkebe.

"Kata vinene kidogo," alisema. "Tusionekane wachoyo."

Kesho yake alikuja Thangzovi mwenyewe, jirani wa ng'ambo, ukanda wa kikapu umembana kipaji cha uso. Kwa kawaida kikapu kiliachwa wazi. Leo kilifunikwa kwa jani la mgomba, tena likafungwa.

"Wenyewe mpo?"

"Tupo, dada," Biakliani alijibu, mkebe kifuani, mfuniko umekazwa. "Geuka, nikumiminie."

"Aa, usijisumbue. Nipe mkebe, nitamimina mwenyewe njiani."

"Hapana, dada. Nitamimina mimi."

"Si uniachie tu, dada?"

Hakuna aliyekubali. Mmoja alivuta mkebe, mwingine akavuta kikapu, wote wawili wakiombana radhi kwa sauti za chini. Bi Rothangi aliweka mchi chini ili atazame vizuri.

"Mnagombea nini? Huyo si mtoto wa kukatwa na Sulemani!"

Mfuniko uliruka. Magimbi yakatawanyika kizingitini, meupe, manene, ya kuonekana na kila mwenye macho.

Biakliani alisikia masikio yake yakiungua. Alisubiri huruma, ambayo aliiogopa kuliko dharau.

Thangzovi aliyatazama magimbi. Kisha alikaa kitako pale kizingitini, kikapu na vyote, akaanza kucheka. Alicheka mpaka ukanda ukamtoka kichwani. Aliposhindwa kusema alilifungua lile jani.

Kikapu kilijaa magimbi. Magimbi, viazi vya porini, machipukizi ya mianzi, na kipande cha moyo wa mgomba. Punje ya mchele haikuwamo.

"Nyumba zote?" Biakliani alinong'ona.

"Zote! Na kila nyumba imeniapisha: usimwambie mtu, dada, wenzetu wana mchele. Yangu nimeyaweka chini kabisa yasionekane. Hapa nimepaacha pawe pa mwisho, nikijua walau kwenu nitapata konzi, maana kinu chenu kinatuamsha kila alfajiri!"

"Na chenu je?" Bi Rothangi alidakia. "Mnatwanga nini?"

Thangzovi alijifuta machozi. "Makapi, mama."

"Kumbe! Kijiji kizima kinatwanga makapi! Na panya huko walipo wanaulizana: hawa watu wamebakiza wapi?"

Walikwenda na kikapu mpaka kwa Mzee Hranga, mzee wa kanisa, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea mchele na kuuuza kwa ajili ya kanisa. Alichungulia, akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena.

"Mwaka huu Mungu hana cha kuuza," alisema mwishowe. Akakohoa. "Yale makubwa ya pale juu ni ya kwangu."

"Makubwa yapi?" Bi Rothangi aliuliza. "Hayo kama vidole vya mtoto?"

Siku hiyohiyo kilibandikwa chungu kikubwa nyuma ya kanisa. Watu walikuja mmoja mmoja, wakitazama chini, na kila aliyefika alikuta jirani yake amefika kabla. Wenye kujua mahali pa viazi vya porini, ambao walikuwa wanakwenda kwa kujificha, walipanga Jumatatu waongozane wote. Vinu havikutajwa tena. Mzee Hranga alisimama kuombea chakula, akaanzia Misri.

"Mzee, fupisha," Bi Rothangi alimnong'oneza, nusu ya watu wakisikia. "Mungu ameshasikia. Tumbo langu ndilo halijasikia amina."

Amina ilipopatikana, kabla vipande havijatiwa kwenye maji, Biakliani alisogea. Alichota konzi moja akaiweka pembeni juu ya jani. Watu wakamtazama, na uso wake ukaungua kama pale kizingitini, lakini hakuurudisha mkono.

"Mwanangu," Mzee Hranga alisema, "haya yote si ni ya Mungu tayari?"

"Ndiyo, mzee. Lakini chungu ni kipya."

Thangzovi alilichukua lile jani, ili yakiiva apelekewe bibi kizee mmoja wa pembezoni mwa kijiji, ambaye hakuweza tena kutoka kitandani.

Jioni Biakliani alipiga magoti kando ya meko. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida yake, mpaka kikohozi cha Bi Rothangi kikamwita.

"Leo ulikuwa unasema nini huko, mbona amina imechelewa?"

"Nimemwuliza swali, mama."

"Wewe?"

"Nimemwuliza Hrangkima atarudi lini."

Bi Rothangi alisukuma kuni motoni kwa mguu, akautazama mkebe, akamtazama mkwewe.

"Amejibu?"

"Bado."

"Basi endelea kumwuliza," alisema. "Na kesho usisahau majivu, ili apate sauti ya kujibu."