Hatua Thelathini za Mzee Mita

Baba yangu hakuwahi kumiliki tepu ya kupimia. Hatua yake moja ilikuwa mita moja kamili, na watu wote walilijua hilo. Aliyetaka kugawa kiwanja alimwita, aliyetaka kuchimba msingi alimwita, na seremala mmoja mbishi aliyemfuata nyuma na rula yake aliishia kukuna kichwa. Ndiyo maana wakamwita Mzee Mita, na ndiyo maana shimo letu la mchanga na changarawe, tangu sijazaliwa, limepimwa kwa miguu yake.

Mimi ni mwanawe wa kwanza, na hasira zangu ni za moto wa makaratasi: huwaka upesi, huzimika upesi. Nilipomaliza masomo ya upimaji nilirudi nyumbani na tepu ya mita hamsini. Baba aliitazama kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtaka.

Sasa shimo la kwanza lilikuwa linakwisha. Ili tufungue la pili, pale pembeni yake, tulihitaji kibali kipya, na bila kibali mashine ingezimwa mwisho wa mwezi na watu kumi na wanne wangerudi nyumbani mikono mitupu, sisi tukiwa wa kwanza. Afisa mkaguzi alitaka mpango wa maandishi: tutachimba vipi, na tukimaliza tutairudishaje ardhi.

Niliuandika kwenye meza ya jikoni kwa wiki tatu, Mama akinisogezea sufuria huku na huku. Kazi ya kuchimba haikutuletea ubishi. Ubishi ulikuja tulipofika mwisho wa mpango, shimo ligeuke nini. Baba alitaka bwawa la samaki. Mama alitaka bustani. Mdogo wangu, anayeendesha mashine yenye kijiko cha kuchotea mchanga hadi naye tunamwita Kijiko, alitaka uwanja wa mpira.

"Wewe na mpira wapi na wapi?" Mama alimwuliza. "Unadaka kama umepakwa mafuta mikononi."

"Si ndiyo maana nataka mahali pa kujifunzia, Mama?"

Nikawachorea vyote. Bwawa kule chini ambako maji yanatuama tayari, kingo za mteremko mpole ili ng'ombe asivunjike mguu, bustani juu, na uwanja mdogo wenye goli moja. Kabla ya kuchimba popote, tungekwangua udongo wa juu, ule mweusi wenye uhai, na kuurundika peke yake. Ukishauchanganya na mchanga umekwisha, hauoteshi hata magugu.

Kilichobaki kilikuwa mpaka. Shimo lilitakiwa liwe mita thelathini kutoka uzio wa jirani. Nilitoa tepu. Baba akanikata jicho.

"Kwani miguu yangu imekufa?"

Nilijua goti lake halikuwa zima. Wakati wa mvua alikuwa ameteleza akishuka kwenye lori, na tangu siku ile alikuwa akitembea wima mbele za watu na kuchechemea akidhani hatumwoni. Hata hivyo nilinyamaza. Alihesabu hatua thelathini, akachomeka vigingi, na mimi nikaandika "mita thelathini" na kutia sahihi. Nilijiambia ni heshima. Ukweli ni kwamba niliuogopa uso wake.

Kijiko akakwangua udongo wa juu hadi kwenye vigingi, kazi iliyoruhusiwa hata kabla ya kibali, na kuurundika tuta refu pale kando. Mama, ambaye hawezi kuona udongo ukakaa bure, alihamishia miche yake ya maboga juu yake siku ileile.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya Jumatano. Alikuwa mama wa makamo, buti za mpira miguuni na daftari kwapani, na uso usiocheka ovyo. Aliusoma mpango wangu wote akiwa amesimama, hata ukurasa wa goli moja.

"Umeandikwa vizuri, binti," alisema. "Lakini karatasi za namna hii ninazo kabati zima. Wote wanaahidi kufukia. Nikirudi nakuta shimo na chura. Nitaaminije kwamba nyinyi mtarudisha?"

Mkaguzi alichomoa tepu mfukoni, akanipa ncha moja, tukapima kutoka uzio hadi kwenye kigingi.

Mita ishirini na moja.

Tulipima tena. Ishirini na moja. Wafanyakazi walikuwa wamesimama karibu na chekeche la changarawe, na wote waligeuka kumtazama Baba. Nilisikia aibu ikinipanda hadi masikioni, kisha hasira, na kabla sijajua niikasirikie nani, Mama alisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa limetuumbua goti."

Baba aliweka mkono juu ya goti lake.

"Kosa ni langu," nilimwambia mkaguzi. "Tepu nilikuwa nayo mkononi. Sikupima, na nikatia sahihi."

"Kwa hiyo mmeshaukwangua ukanda wa mita tisa ambao hamkuruhusiwa kuugusa," alisema, akifungua kalamu. Niliona mwisho wa mwezi ukisogea hadi kwenye ncha ya kalamu ile.

Kijiko ndiye aliyetuokoa. Alikuwa ameegemea tairi la mashine yake akitafuna jani.

"Samahani, mama mkaguzi," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki, hilo tunalijua. Lakini udongo unazoleka. Mchanga hapo hatujachota hata kijiko kimoja. Nipe saa mbili."

Mkaguzi alitazama saa yake, akavuta ndoo, akaipindua na kuikalia. "Haya. Nione."

Sijawahi kumwona mdogo wangu akifanya kazi namna ile. Kwanza alitifua ardhi ya chini kwa meno ya kijiko, maana ilikuwa imeshindiliwa na magurudumu na mizizi isingepenya. Kisha akaanza kurudisha udongo mweusi akienda kinyumenyume, ili mashine isikanyage hata mara moja mahali palipokwisha kutandazwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mama alikimbia mbele yake akiyanyanyua maboga yake machanga na udongo wake, moja moja, akimpigia kelele.

"Taratibu wewe! Hilo lina ua!"

"Mama, toka mbele ya mashine!"

"Nilikubeba miezi tisa, wewe subiri dakika tisa!"

Wafanyakazi waliangua kicheko, wakachukua majembe bila kuitwa. Baba naye alichukua reki. Nilimwona akichechemea waziwazi mbele ya watu wote, na hakujisumbua kujinyoosha. Nilicheka huku machozi yakinitoka, na sikujali nani ananiona.

Mkaguzi aliinuka kwenye ndoo kabla saa mbili hazijaisha. Alichimba kwa mkono katikati ya ukanda hadi udongo ukamfika karibu na kiwiko, akaunusa. Mama alikuwa tayari amechimbia boga la kwanza miguuni pake.

"Niliuliza nitaaminije," mkaguzi alisema. Kwa mara ya kwanza alitabasamu, na pengo lake la meno ya mbele likamfanya aonekane msichana. "Basi nimeona. Kibali mtapata. Lakini vigingi vyote vipimwe upya leo, kwa tepu, na nitarudi kula maboga."

Alitia sahihi juu ya ndoo. Kijiko alipiga honi ya mashine mpaka jirani akatoka nje kuuliza kama kuna harusi.

Mkaguzi alipoondoka, Baba alinijia na kunyoosha mkono. Nilidhani ananipa reki. Alishika ncha ya tepu yangu.

"Kwanza nipime mimi," alisema.

Akapiga hatua moja. Niliinama na kusoma: sentimita sabini. Niliogopa kusema, nikasema.

Baba alilitazama goti lake. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha tumboni ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mvua.

"Sabini," alisema. "Basi iandike kwenye mpango wako, isije ikapotea. Na kesho nipeleke kwa daktari." Alisogea hadi kwenye uzio, akaikanyaga ncha ya tepu kwa mguu mzima. "Haya, nenda, mwanangu. Mimi nimeshika huku. Ukifika thelathini, niite."