Taasisi Kuu ya Stoo ya Magodoro

"Taasisi Kuu ya Utafiti wa Viini inautangazia ulimwengu kuwa imeunda mfumo wa kompyuta usiokubali kuanguka."

Jarida la kompyuta liliichapa barua hiyo ukurasa wa tisa. Halikujua kwamba Taasisi Kuu ni stoo ya magodoro katika bweni la wasichana, na kwamba mkurugenzi wake, Daktari mzima, ni mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye matroni alimbandika jina la Kisirani.

Jarida hilohilo lilikuwa limetoa makala kuwa mifumo yenye kiini kidogo, yaani moyo wa mfumo usiobeba mengi, ni kobe, izikwe. Kisirani alikuwa amemaliza likizo mbili akiunda kiini kama hicho. Chenyewe hufanya kazi chache. Draiva, yaani programu zinazoendesha diski na kibodi, hukaa nje yake kama wapangaji. Mpangaji akizimia, nyumba haibomoki. Aliliandikia jarida kwa jina lake, halikujibu. Akaandika kama Daktari, wakachapa wiki ileile.

Jumanne mwandishi wa makala ile akaja stooni, mwalimu mkuu akimtangulia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mgeni huyu anamtafuta Daktari. Yuko wapi?"

"Katoka kidogo. Mimi msaidizi wake."

Mwandishi akacheka, akaketi mbele ya kompyuta. "Haya, msaidizi. Nikiiua draiva ya diski?"

"Iue."

"Utalia, binti."

"Iue tu, mjomba."

Akaiua. Diski ikanyamaza. Mara kiini kikaamsha draiva nyingine, na faili lililokuwa likinakiliwa likaendelea kana kwamba hakuna msiba. Akaiua tena. Akaiua ya kibodi, kwa kibodi hiyohiyo. Wapi!

"Lakini ni wa polepole," akanung'unika.

"Ni kweli. Na wako ukishaanguka, unakimbilia wapi?"

Mwandishi akatoa kalamu. "Nitaandika nilichokiona. Ila nataka sahihi ya Daktari, ifanane na hii." Akaitoa barua.

Mwalimu mkuu akaipokea, akaigeuza. Jarida zima hakuna aliyewahi kuigeuza. Nyuma kulikuwa na mtihani wa jiografia, jina la msaidizi limeandikwa vizuri, alama kumi na moja kwa mia.

"Wewe mtoto!"

Kisirani akasimama wima. "Daktari ni mimi, Mwalimu. Taasisi ni mimi. Hata muhuri niliuchonga kwenye kiazi. Kwa barua, nifukuzeni. Kwa kiini, siombi radhi."